"Nilibatizwa, Lakini Bado Ni Yule Yule": Je, Nibatizwe Tena?

Swali:

"Bwana Yesu asifiwe, Mchungaji. Mimi ni mwanamke wa miaka 31. Miezi minane iliyopita nilibatizwa kwa maji mengi, baada ya darasa la wiki sita. Nilitoka majini nikilia kwa furaha. Tukapewa vyeti, tukapigwa picha, basi. Tangu siku hiyo hakuna aliyeniuliza habari zangu. Hasira zangu ziko pale pale, na dada yangu niliyekosana naye kwa sababu ya urithi wa mama yetu hatusemezani mpaka leo. Jumapili naingia ibadani, naketi nyuma, natoka. Nimeanza kuamini kwamba ubatizo wangu haukushika, labda sikuwa tayari. Je, nibatizwe upya? Na kama wokovu ni kati yangu na Mungu wangu, nina haja gani ya kuhangaika na watu wa kanisani?"

Jibu:

Amina, dada yangu. Nikupe jibu fupi kwanza, usije ukasoma haya yote moyo ukidunda: hapana, usibatizwe tena. Maji yale yalitosha. Kilichopungua ni kile kilichopaswa kufuata baada ya maji, na sehemu kubwa ya upungufu huo si yako. Ni yetu sisi tunaofundisha.

Nimesimamia darasa la ubatizo kwa zaidi ya miaka 20, na katika barua yako maneno yaliyonichoma ni hayo: "tukapigwa picha, basi." Hiyo "basi" naijua. Mwaka mmoja nilikuwa nasafisha droo ya ofisi, nikakuta orodha ya watu 14 niliowabatiza kwa mikono yangu. Nikapita jina kwa jina. Kwa majina matatu sikuweza kukumbuka hata sura. Watu hao niliwashika mabega majini, nikatamka juu yao jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu, halafu nikawaacha kama mizigo iliyoshushwa gatini na mwenyewe hajulikani. Nilikaa na karatasi ile muda mrefu. Kwa hiyo nikikuambia kosa ni letu, sikufariji tu.

Tuanze na hofu yako. Unafikiri kwamba kama ubatizo ungekuwa wa kweli, hasira ingekuwa imekwisha. Lakini tazama kilichompata Bwana mwenyewe. Marko anaandika kwamba mara tu baada ya kubatizwa Roho alimtoa aende nyikani, akakaa siku 40 akijaribiwa. Sauti ilikuwa imetoka mbinguni: "Wewe ndiwe Mwanangu mpendwa wangu." Na jaribu la kwanza katika Mathayo na Luka linaanzaje? "Ukiwa ndiwe Mwana wa Mungu..." Mjaribu aliligusa neno lile lile lililosemwa majini. Ndiyo maana sishangai kwamba shaka yako imekaa hapo hapo, juu ya ubatizo wako. Nina walakini na mahubiri yanayomwahidi mtu kwamba akitoka majini vita vimekwisha. Kwa wengi ndiyo kwanza vimeanza, kwa kuwa sasa wamechagua upande.

Kuna kisa katika Matendo ya Mitume 8 ambacho watu hukipita haraka. Simoni, aliyekuwa mchawi huko Samaria, aliamini na akabatizwa. Muda si mrefu anawaletea mitume fedha, anataka kuinunua karama ya Mungu. Kama kuna mtu ambaye tungeweza kusema ubatizo wake haukushika, ni huyo. Petro alimkemea vikali, maneno mazito kuliko yote ambayo wewe umejisemea. Lakini hakumwambia arudi majini. Alimwambia: "Tubia uovu wako huu, ukamwombe Bwana." Mlango aliomwonyesha ni toba, na toba haina idadi.

Pengine utaniuliza juu ya wale watu wapata 12 wa Efeso, katika sura ya 19, waliobatizwa mara ya pili. Wao walikuwa na ubatizo wa Yohana peke yake, na hata habari za Roho Mtakatifu hawakuwa wamezisikia. Walipomsikia Paulo, wakabatizwa kwa jina la Bwana Yesu. Hali yako si hiyo. Wewe ulimwamini Kristo, ukaungama, ukabatizwa kwa jina la Utatu. (Kwa wasomaji waliobatizwa wakiwa wachanga: makanisa hayakubaliani hapa, na sitayapatanisha kwa aya moja. Wanaokubali ubatizo wa watoto husema ni mmoja na haurudiwi. Wasioukubali husema aliyebatizwa mchanga hajabatizwa bado. Lakini wote wanakutana kwenye swali la dada huyu: baada ya maji, nini?)

Sasa tuifungue Mathayo 28:19-20, aya ambayo bila shaka ulikaririshwa darasani: "Basi, enendeni, mkawafanye mataifa yote kuwa wanafunzi, mkiwabatiza kwa jina la Baba, na Mwana, na Roho Mtakatifu, na kuwafundisha kuyashika yote niliyowaamuru ninyi." Katika Kigiriki, kitenzi cha amri kinachobeba sentensi hiyo ni kimoja: kuwafanya wanafunzi. Kubatiza na kufundisha ni namna ya kuitimiza amri hiyo. Ubatizo umewekwa katikati ya safari, na baada yake kuna kazi ndefu zaidi. Darasa lako la wiki sita lilikufikisha katikati ya aya, kisha mwalimu akafunga kitabu.

Tena liangalie neno "kuyashika". Bwana hakusema "kuyajua". Kuyajua mtu anaweza kufundishwa kwa ubao na chaki, wiki sita zikatosha. Kuyashika kunafundishwaje? Nitamfundishaje mtu kumsamehe ndugu yake wa tumbo moja? Somo hilo halina mtihani wa kuandika. Linahitaji mtu aliye karibu nawe kiasi cha kujua kwamba dada yako yupo.

Wakristo wa zamani walilijua hili kuliko sisi. Kuna kijitabu kiitwacho Didache, ambacho wataalamu wengi hukiweka mwishoni mwa karne ya 1 au mwanzoni mwa karne ya 2. Kilipotea kwa karne nyingi, nakala yake ikapatikana Constantinople (Istanbul ya leo) mwaka 1873. Maagizo ya kubatiza yako sura ya 7: tumia maji yanayotiririka, yasipopatikana, maji mengine, yakiwa haba, mimina kichwani mara tatu. Kwa aina ya maji hawakuwa wagumu hata kidogo. Ila sura sita zinazotangulia zote ni habari za mwenendo, njia ya uzima na njia ya mauti: uwapende adui zako, usiwe mwepesi wa hasira, umpe akuombaye, usilete mafarakano, wapatanishe wanaogombana. Kisha sura ya 7 inafungua kwa kusema kwamba mkiisha kuyasema hayo yote, batizeni. Sisi tumegeuza. Tunabishana juu ya wingi wa maji, na njia ya uzima tunaipitia juu juu.

Andiko jingine la kale, Mapokeo ya Kitume, ambalo kwa desturi huhusishwa na Hippolytus wa Roma, linaeleza kwamba katekumeni, yaani wanaofundishwa kabla ya kubatizwa, walisikiliza neno kwa miaka mitatu, ingawa mwenye bidii angeweza kupokelewa mapema, kwa kuwa kilichopimwa ni mwenendo. Walipokaribia kubatizwa waliulizwa: je, wamewaheshimu wajane? Wamewatembelea wagonjwa? Na aliyejibu si katekumeni. Waliojibu ni wale waliomleta, waliokuwa wakimwona akiishi. Nimejaribu kuwaza ningeuliza hivyo siku ya ubatizo wako. Nani angesimama kukujibia? Kama hakuna, huo ndio ugonjwa wenyewe, na kuyarudia maji hakuutibu.

Na baada ya maji je? Justin, aliyeuawa Roma kwa ajili ya imani, aliandika yapata mwaka 155 kwamba aliyebatizwa alipelekwa pale pale walipokusanyika ndugu. Wakaomba pamoja, wakasalimiana kwa busu, akashiriki nao mkate na kikombe. Katika mkusanyiko wa Jumapili wenye uwezo walitoa, na kilichopatikana kiliwasaidia yatima, wajane, wagonjwa na wafungwa. Yerusalemu, katika karne ya 4, waliobatizwa usiku wa Pasaka walirudi kanisani siku baada ya siku katika juma la Pasaka kuelezwa maana ya yale waliyotendewa. Siku ambayo sisi tunafunga darasa ndiyo siku ambayo wao walifungua jingine.

Ukiyashika hayo, utaisoma Warumi 6 kwa jicho jingine. "Hamfahamu ya kuwa sisi sote tuliobatizwa katika Kristo Yesu tulibatizwa katika mauti yake?" Paulo anawaandikia watu ambao tayari wamebatizwa, na bado anahitaji kuwaambia: "jihesabuni kuwa wafu kwa dhambi", na tena, "dhambi isitawale ndani ya miili yenu". Kama maji peke yake yangemaliza kazi, barua hiyo isingehitajika. Yeye anauchukua ubatizo wao kama hoja: mlikwisha kuzikwa, sasa enendeni kama waliofufuka. Martin Luther, mwanamatengenezo wa kanisa huko Ujerumani, katika katekisimu yake ndogo ya mwaka 1529, alifundisha kwamba Adamu wa kale ndani yetu, yaani ile asili yetu ya dhambi, azamishwe kwa majuto na toba ya kila siku, na mtu mpya ainuke kila siku. Wahubiri wana utani wao juu ya hili, kwamba mtu wa kale anajua kuogelea. Wako nadhani ni hodari, lakini nakuhakikishia si hodari kuliko wangu.

Kwa hiyo swali lako la kwanza naligeuza hivi. Usiulize kama ubatizo ulikushika. Ulishikwa, hilo lilitendeka, lina tarehe na mashahidi. Uliza ni nani anayekusaidia kuyashika.

Hapo ndipo linapoingia swali lako la pili, ambalo ndilo zito: "nina haja gani na watu wa kanisani?"

Hujawa wa kwanza kuuliza. Augustino, askofu wa kale wa Afrika Kaskazini, katika kitabu cha 8 cha Maungamo yake, anasimulia habari za Marius Victorinus, mwalimu maarufu wa ufasaha huko Roma, mtu aliyeheshimiwa mpaka akawekewa sanamu hadharani. Alisoma Maandiko kwa bidii, akamwambia rafiki yake Simplicianus faraghani, "Ujue mimi sasa ni Mkristo." Simplicianus akamjibu kwamba hataamini mpaka amwone kanisani. Victorinus akacheka: "Kwani kuta ndizo zinazowafanya watu kuwa Wakristo?" Wakabishana hivyo mara nyingi. Ukweli ni kwamba aliogopa rafiki zake wakubwa wangemdharau. Siku moja akasema ghafla, "Twende kanisani, nataka kuwa Mkristo." Wakati wa kuikiri imani ulipofika, mapadri walimpa nafasi ya kufanya hivyo kando, kama walivyowafanyia wenye haya. Akakataa, akapanda mbele ya watu wote, na jina lake likavuma kwa minong'ono: Victorinus! Victorinus!

Swali lake lilikuwa la akili, na kwa sehemu alisema kweli. Kuta hazimfanyi mtu kuwa Mkristo. Ila aliyekuwa amejificha nyuma ya kuta ni yeye, kuta za heshima yake. Nawe dada, nisamehe nikisema wazi, kiti cha nyuma ni ukuta pia. Ukiingia wa mwisho na kutoka wa kwanza, unalalamika kwamba hakuna anayekuuliza na wakati huo huo umepanga vizuri asipatikane wa kukuuliza. Nimesema kosa kubwa ni letu. Hiki ni kipande chako.

Kiswahili chetu kinalieleza jambo hili vizuri kuliko ambavyo ningeweza mimi. Unakumbuka vile vinyambuliko tulivyofundishwa shuleni? Kubatizwa ni kauli ya kutendwa. Hakuna anayejibatiza. Unasimama, unapokea, mwingine anakutendea. Sasa soma maagizo ambayo mitume wanawapa waliokwisha kubatizwa: mchukuliane mizigo, mkisameheana, farijianeni na kujengana, kuombeana, pendaneni. Zote ni kauli ya kutendana. Nieleze utaitiije amri yenye -ana ukiwa peke yako chumbani na Biblia yako. Utasoma, utaomba, utafunga, na hayo ni mema. Lakini kuchukuliana kunataka mtu wa pili, na ikiwezekana mtu anayekuudhi kidogo, la sivyo hakuna cha kuchukuliana. Paulo anasema katika 1 Wakorintho 12:13 kwamba katika Roho mmoja sote "tulibatizwa kuwa mwili mmoja". Ulipotoka majini hukutoka peke yako. Ulitoka ukiwa kiungo, na kiungo hakiulizi kina haja gani na mwili.

Ngoja nikupe habari zangu, maana nadharia imetosha.

Mimi nilibatizwa nikiwa na deni. Nilikuwa nimekopa fedha kwa mtu niliyefanya naye kazi, kisha nikaacha kazi ile bila kumlipa wala kumuaga. Nilipobatizwa nilijiambia damu ya Yesu imefuta yote, nikaona na deni limo humo. Kanisani tulikuwa na kikundi cha watu saba, tunakutana Alhamisi jioni katika chumba cha kazi cha mzee mmoja wa kanisa, fundi viatu. Hakuwa msomi. Aya alisomewa na mkewe. Alhamisi moja, sijui ulimi uliteleza vipi, nikalitaja lile deni. Hakuhubiri. Alhamisi iliyofuata nilipoingia alikuwa anashona soli, uzi ameuma kwa meno. Bila kuinua macho akaniuliza: "Umeenda?" Nikasema bado. Akaendelea kushona.

Wiki ya pili, "Umeenda?" Wiki ya tatu, "Umeenda?" Nikaanza kumchukia, dada yangu, namwambia Mungu ukweli na wewe pia. Nikafikiria kuhama kikundi. Wiki ya nne sikungojea aulize; nikasema mwenyewe, kwa ukali, kwamba sijaenda na sina fedha zote. Akaiweka nyundo chini, akavua aproni, akasema, "Twende wote." Tukaenda usiku ule ule. Yeye akabaki nje mlangoni, mimi nikaingia na nusu ya deni mkononi. Yule bwana niliyemdhulumu alizihesabu noti mara mbili, hakutabasamu, hakuniambia nimesamehewa. Aliniambia nusu nyingine nilete lini. Nikataja tarehe. Nilipotoka, mzee hakuniuliza imekuwaje. Aliniuliza, "Tarehe ngapi?" Na tarehe hiyo ilipofika, alikuwa anaikumbuka.

Sikumbuki hata nusu ya mahubiri niliyoyasikia mwaka ule. "Umeenda?" naikumbuka. Ndiko "kuwafundisha kuyashika" nilikokuona kwa macho yangu.

Wamethodisti wa kwanza walikifikia kitu hiki kwa njia ya ajabu, nayo pia ilianza na deni. Mwaka 1742, mjini Bristol, watu wa John Wesley walikuwa wanadaiwa fedha za nyumba yao ya ibada. Mmoja akashauri kila mshirika atoe peni moja kwa wiki, na watu wagawanywe makundi ya kumi na wawili hivi, kila kundi na wa kuwapitia kukusanya. Wale wakusanyaji walipopita nyumba kwa nyumba wakaanza kukuta mambo: huyu analewa, huyu anagombana na mkewe, yule amekata tamaa. Wesley akaona hapo hapo kwamba amepata kitu kikubwa kuliko peni. Makundi yale yakawa mahali pa kuulizana hali ya nafsi kila wiki.

Sasa wewe ufanye nini? Nenda kwa mchungaji wako, na usiende na malalamiko ya jumla. Mwambie hivi: "Nimebatizwa miezi minane, sina mtu wa kunilea. Naomba mtu." Akitaka kukulea yeye mwenyewe, shukuru, lakini omba mwanamke mtu mzima, kama Paulo anavyomwagiza Tito kwamba wazee wa kike wawatie akili wanawake vijana. Usitafute msemaji hodari. Tafuta mwenye masikio na kumbukumbu. Kama ana jambo lake mwenyewe aliloshindana nalo na hafichi, huyo huyo. Apolo alikuwa hodari katika Maandiko, na bado Priskila na Akila, watengeneza mahema, walimchukua kwao wakamweleza njia ya Mungu kwa usahihi zaidi. Kilichomfaa kilipatikana nyumbani kwa mafundi.

Kisha ingia katika kikundi kidogo, liitwe jumuiya au seli au jina lolote mnalotumia kwenu. Kipimo changu ni kimoja tu: usipoonekana wiki mbili, kuna mtu atauliza? Kama hapana, hiyo ni hadhara nyingine ndogo, tafuta kwingine. Kama kanisani kwenu hakuna kitu cha namna hiyo, anzeni wawili. Ile aya ya wawili watatu waliokusanyika kwa jina lake, ambayo tunaitumia kujifariji watu wanapokuwa wachache kwenye maombi, iko katika Mathayo 18, muda mfupi tu baada ya maagizo ya namna ya kumwendea ndugu aliyekukosea. Bwana alikuwa anazungumzia watu wa hali yako.

Nenda Mezani pa Bwana, ukiwa na hali yako hiyo hiyo, ukitubu. Ubatizo unapokelewa mara moja. Meza inakurudisha mara kwa mara kwenye mauti yale yale uliyobatizwa ndani yake. Na omba kazi, iwe isiyoonekana: kupanga viti, kumsindikiza mgonjwa, kufagia. Mtu aliyepanga viti hawezi tena kuketi kama mgeni.

Nikutahadharishe jambo moja. Kulelewa si kutawaliwa. Marekani, miaka ya 1970, kulikuwa na vuguvugu la uanafunzi ambamo walezi walifikia kuwaamulia watu waoe nani, wahamie wapi, fedha zao ziende wapi. Watu wengi waliumizwa, na mmoja wa viongozi wake baadaye aliomba radhi hadharani. Paulo, aliyekuwa mtume, aliwaandikia Wakorintho: "Si kwamba tunatawala imani yenu, bali tu wasaidizi wa furaha yenu." Mlezi akikuzuia kuuliza maswali, akikutenga na ndugu zako, au akidai siri zako wakati yeye hana anayemsimamia, ondoka bila kuona haya. Fundi viatu wangu aliniuliza kama nimeenda. Hakunilazimisha, na fedha zangu hakuzigusa.

Nimemwacha dada yako mpaka mwisho kwa sababu ndiye somo lako la kwanza. Huwezi kushindana na "hasira" kwa ujumla. Ni neno pana mno. Unaweza kushindana na ukimya kati yako na mtu mmoja. Bwana anasema ukikumbuka madhabahuni kwamba ndugu yako ana neno juu yako, iache sadaka, uende upatane naye kwanza. Sikuambii uachie haki yako katika urithi. Kusamehe na kugawana mali ni mambo mawili, na watu wengi hushindwa yote mawili kwa kuyafunga kifurushi kimoja. La mali litafutieni msuluhishi mnayemwamini wote. La kusemezana linaweza kuanza wiki hii, na lisiguse mali kabisa.

Mpigie simu. Usimwandikie ujumbe, ujumbe husomwa kwa sauti ya hasira ya msomaji. Mwambie maneno machache uliyoyaandaa: "Dada, sikupigii kwa habari ya urithi. Nimekukumbuka. Yale niliyokutamkia siku ile, naomba unisamehe." Kisha nyamaza. Usieleze, usijitetee, usimkumbushe aliyokutamkia yeye. Huenda akalia, huenda akakutukana, huenda asipokee. Kabla ya kupiga, mwambie yule mama mlezi siku na saa, ili awe anaomba, na ili baadaye awepo wa kukuuliza. Ukishindwa, mwambie umeshindwa. Wiki inayofuata jaribu tena, na mwambie tena.

Nami nitakuuliza. Baada ya wiki mbili nitakuandikia, barua yangu itakuwa na neno moja tu: "Umempigia?" Nijibu hata kama alikata simu.